Mja mzito, damu yako huweza kukuonya kabla presha haijapanda

JE, wewe ni mja mzito? Au labda ni mkeo, dadako au bintiyo aliye katika hali hiyo? Basi kabla hujageuza ukurasa, soma kwanza kisa cha wanariadha wawili wa Marekani ambao huenda uliwahi kuwaona kwenye televisheni.

Mnamo Agosti 2016, katika Michezo ya Olimpiki mjini Rio de Janeiro, Allyson Felix na Tori Bowie walikuwa katika kikosi kimoja cha wanawake wanne waliotwaa nishani ya dhahabu katika mbio za kupokezana vijiti. Bowie ndiye aliyemaliza mbio hizo, na mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia wa mita 100.

Mwaka 2018 Felix alikuwa na mimba ya wiki 32 alipokwenda kwa daktari kwa uchunguzi wa kawaida. Alipopimwa, ilibainika kwamba alikuwa na presha kali ya mimba. Alipelekwa hospitali na kufanyiwa upasuaji wa dharura, na mtoto wake wa kike akazaliwa wiki nane kabla ya wakati. Mama alipona, mtoto akapona, na mwaka 2021 Felix alirejea uwanjani katika Olimpiki ya Tokyo na kuondoka na nishani mbili.

Bowie hakuwa na bahati hiyo. Mapema Mei 2023 alikutwa amefariki nyumbani kwake Florida. Alikuwa na umri wa miaka 32 na mimba ya karibu miezi minane. Ripoti ya uchunguzi wa maiti ilitaja kifafa cha mimba miongoni mwa matatizo ambayo huenda ndiyo yaliyomuua.

Ikiwa maradhi haya huweza kuwavamia wanawake waliokuwa miongoni mwa wenye mbio zaidi duniani, basi wewe unayepanda matatu kila asubuhi kwenda kazini usijidanganye kwamba afya njema pekee itakulinda.

DALILI ZINAZODHARAULIWA

Maradhi haya huitwa na wataalamu prieklampsia. Presha ya mja mzito hupanda baada ya wiki ya 20 ya mimba na kufikia 140 kwa 90 au zaidi. Wakati huo huo protini huanza kupotea kupitia mkojo, au figo, ini na viungo vingine vya mwili huanza kudhurika.

Hali hii isipodhibitiwa, mama huweza kushikwa na kifafa cha mimba, akavuja damu ubongoni, akapoteza fahamu na hata kufa. Mtoto naye hukosa chakula na hewa ya kutosha tumboni. Huweza kuzaliwa akiwa mdogo kupita kiasi, akazaliwa kabla ya wakati, au akafia tumboni.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, barani Afrika na Asia karibu kifo kimoja kati ya kila vifo kumi vya akina mama vinavyotokana na uzazi huhusiana na matatizo ya presha ya mimba.

Jambo la kutisha ni kwamba mwanzo wake hauumi. Presha huweza kufika 150 na mama akaendelea kupika, kufua na kuuza dukani kama kawaida. Miguu ikivimba, majirani humwambia, "Hiyo ni kawaida ya mimba, mama." Kichwa kikimgonga, hutuma mtoto dukani amnunulie tembe za maumivu.

Na siku anaposhikwa na kifafa, wapo wanaodai kwamba amepandwa na pepo. Badala ya kukimbizwa hospitali hupelekwa kwa mganga, na saa ambazo zingemwokoa hupotea njiani.

KUTAFUTA ISHARA YA MAPEMA

Ni kwa sababu hii madaktari wamekuwa wakitafuta kwa muda mrefu ishara ya kuwaonya mapema. Kitu chochote kinachoweza kupimwa mwilini, kiwe katika damu, mkojo au kwingineko, na kumweleza daktari yanayoendelea ndani, wataalamu hukiita kiashiria.

Kiashiria cha kwanza cha maradhi haya kilipatikana katika mkojo. Mwaka 1843 Dkt John Lever wa Guy's Hospital, London, alichunguza mkojo wa wanawake waliokuwa wameshikwa na kifafa cha mimba, akagundua kwamba ulikuwa na protini ambayo haikupaswa kuwa humo.

Cha pili ni presha yenyewe. Mwaka 1896 daktari wa Italia aitwaye Scipione Riva-Rocci alitengeneza kifaa cha kupimia presha kwa kufunga mkanda mkononi na kuujaza hewa. Ule mkanda anaokufunga muuguzi kila uendapo kliniki ni mjukuu wa kifaa hicho.

Vipimo hivi viwili vimeokoa maisha ya wanawake wasiohesabika. Lakini vina kasoro moja. Vinapoonyesha hatari, maradhi huwa tayari yamekwisha kuingia. Ni kama kuona moshi ukitoka paani: moto umeshaanza kuwaka ndani ya nyumba. Je, hakuna njia ya kujua kabla ya moshi?

CHANZO NI KONDO LA NYUMA

Ili uelewe jibu, yafaa kwanza ujue maradhi haya hutoka wapi.

Chakula na hewa vyote anavyopata mtoto tumboni hupitia kwenye kondo la nyuma. Katika mimba ya kawaida, chembechembe za kondo huingia ndani ya ukuta wa tumbo la uzazi na kuipanua mishipa ya damu ya mama, hadi mishipa iliyokuwa myembamba ikawa mipana na kupitisha damu kwa wingi.

Kwa baadhi ya wanawake kazi hii haikamiliki. Mishipa hubaki myembamba, na kondo la nyuma hukosa damu ya kutosha. Kondo lenye njaa hutoa ndani ya damu ya mama vitu vinavyoidhuru mishipa yake mwili mzima. Mishipa hubana, na presha hupanda. Mishipa ya figo huvuja, na protini hutoka kwa mkojo. Ubongo nao ukiathirika, huja maumivu ya kichwa, macho kuona ukungu na mwishowe kifafa.

Ndiyo maana tiba kamili ya maradhi haya ni kuzaa tu, kondo la nyuma litoke. Na ndiyo maana daktari hubaki katika njia panda mimba inapokuwa changa: akichelewa mama huweza kufa, akiharakisha mtoto huzaliwa kabla hajakomaa.

Hatua kubwa ilipigwa mwaka 2003. Dkt Ananth Karumanchi na wenzake mjini Boston, Marekani, walitangaza kwamba wanawake wenye maradhi haya wana protini moja kwa wingi kupita kiasi katika damu. Protini hiyo, ambayo hutolewa na kondo la nyuma, huitwa kwa kifupi sFlt-1. Panya wenye mimba walipodungwa protini hiyo, presha yao ilipanda na mkojo wao ukawa na protini, sawa na binadamu.

Kazi ya sFlt-1 ni kunasa protini nyingine iitwayo PlGF, ambayo huisaidia mishipa ya damu kukaa katika hali nzuri. Ya kwanza ikizidi, ya pili hupungua. Na mwaka 2004 watafiti hao walionyesha jambo muhimu zaidi: mabadiliko hayo huweza kuonekana katika damu ya mama wiki kadhaa kabla ya presha kupanda. Kwa sFlt-1, ongezeko lilianza kiasi cha wiki tano kabla.

DAMU INAPOPIMWA

Leo maabara huweza kupima protini hizo mbili kwa damu kidogo tu inayotolewa mkononi. Huangaliwa kiasi cha PlGF pekee, au kiasi cha sFlt-1 hugawanywa kwa kiasi cha PlGF ili kupata uwiano wake.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwahusu wanawake ambao madaktari waliwashuku kuwa na maradhi haya. Ulionyesha kwamba uwiano ukiwa 38 au chini ya hapo, mama huweza kuambiwa karibu kwa hakika kwamba hatapatwa na prieklampsia katika wiki moja ifuatayo. Katika kila wanawake 1,000 walioambiwa hivyo, 993 walikuwa salama wiki hiyo.

Usidhani hilo ni jambo dogo. Mama aliyevimba miguu na mwenye presha inayopanda na kushuka huweza kulazwa wodini siku nyingi kwa hofu tu, huku watoto wakibaki nyumbani na kitanda kikikosekana kwa mgonjwa mwingine. Kipimo hiki humsaidia daktari kujua ni nani anayeweza kurudi nyumbani na ni nani asiyepaswa kuondoka.

Nchini Uingereza, utafiti uliotolewa mwaka 2019 katika wodi 11 za wazazi ulionyesha kwamba madaktari waliopewa majibu ya PlGF walitambua maradhi kwa muda wa takriban siku 1.9, ilhali wenzao wasiopewa walichukua siku 4.1. Wanawake waliopatwa na madhara makubwa nao walipungua. Mnamo Mei 2023, idara inayosimamia chakula na dawa Marekani iliidhinisha kipimo cha aina hii kwa waja wazito waliolazwa wakiwa na presha, ili kubashiri ni nani atakayezidiwa katika wiki mbili zijazo.

Kuna faida nyingine katika miezi mitatu ya kwanza. Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa kutoka London walichapisha uchunguzi uliounganisha historia ya mama, presha yake, picha ya mishipa ya tumbo la uzazi na viashiria vya damu, PlGF ikiwemo, ili kuwatambua wanawake walio hatarini. Baadhi yao walipewa aspirini miligramu 150 kila usiku kuanzia wiki ya 11 hadi 14, wakaacha wiki ya 36. Wengine walipewa tembe zisizo na dawa. Waliopatwa na prieklampsia ya kuzaa kabla ya wakati walikuwa asilimia 1.6 kwa waliomeza aspirini, na asilimia 4.3 kwa wale wengine.

Lakini tahadhari, usikimbie dukani ukanunue aspirini! Si kila mja mzito anayestahili kuimeza, na kwa wengine huweza kuleta madhara. Daktari ndiye wa kuamua.

KIPIMO SI MUUJIZA

Ni haki uambiwe pia upungufu wa vipimo hivi. Jibu zuri lina uhakika mkubwa, lakini jibu baya si hukumu. Katika utafiti ule wa 2016, kati ya kila wanawake 100 waliopata uwiano wa zaidi ya 38, ni karibu 37 tu waliopatwa na maradhi katika wiki nne zilizofuata. Mama wa aina hiyo huhitaji kuchungwa kwa karibu, wala hapaswi kukata tamaa.

Tena, mashine za kupima damu hii ni ghali, zinahitaji maabara yenye umeme wa uhakika na wahudumu waliofunzwa. Zahanati ya kijijini haiwezi kuwa nazo kwa urahisi.

Jambo jingine ni kwamba tafiti nyingi za mwanzo zilifanywa Ulaya na Marekani. Mwanamke wa huku kwetu huweza kuwa na malaria, upungufu wa damu au virusi vya ukimwi wakati huo huo, na yafaa ijulikane viashiria hivi husomekaje katika damu yake.

Hapa ndipo waja wazito wa Kilifi wanapostahili shukrani. Kupitia utafiti uitwao PRECISE, unaoshirikisha Kenya, Gambia na Msumbiji, wanawake waliohudhuria kliniki huko Mariakani na Rabai walijitolea kufuatiliwa tangu mimba hadi baada ya kujifungua. Damu, mkojo na vipande vya kondo la nyuma vilihifadhiwa ili vichunguzwe. Kwa upande wa Kenya kazi hiyo ilisimamiwa na Chuo Kikuu cha Aga Khan.

Hata hivyo, hakuna kiashiria kinachoweza kumsaidia mama ambaye hajafika kliniki. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya uliofanywa Kenya mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 98 ya waja wazito walihudumiwa angalau mara moja na mtaalamu wa afya. Lakini waliokwenda mara nne au zaidi walikuwa asilimia 66 tu. Maana yake, kati ya kila wanawake watatu, mmoja hakufikisha mara nne, ilhali tangu mwaka 2016 WHO hushauri mara nane, ya kwanza ikiwa kabla ya wiki ya 12 kwisha.

Prieklampsia huja zaidi katika miezi ya mwisho. Mama aliyekwenda kliniki mara moja mwezi wa tano, akapewa kijitabu na kukiweka kabatini, amepimwa wakati ambao huenda maradhi yalikuwa bado hayajajitokeza.

UFANYE NINI?

Kwanza, anza kliniki mapema, mara tu utambuapo kwamba una mimba. Usingoje tumbo lionekane.

Pili, kila uendapo hakikisha umepimwa presha na mkojo. Hivi ndivyo viashiria vya zamani, ni rahisi, na bado ndivyo vinavyotegemewa kila mahali. Uliza presha yako ni ngapi, kisha utazame kama imeandikwa katika kijitabu cha mama na mtoto. Muuguzi akisema vifaa vya kupimia mkojo vimekwisha, uliza ni wapi pengine unapoweza kupimwa siku hiyo hiyo.

Tatu, mweleze daktari ukweli kuhusu hali yako. Hatari huwa kubwa zaidi ikiwa hii ndiyo mimba yako ya kwanza, ikiwa uliwahi kupata presha ya mimba, una mapacha, una kisukari, maradhi ya figo au presha ya siku zote, umenenepa kupita kiasi, au umri wako umepita miaka 40. Ikiwa mama yako au dadako aliwahi kuugua, liseme hilo pia. Hawa ndio daktari anaoweza kuwafikiria kwa aspirini, mapema kabla ya wiki ya 20.

Nne, kula vyakula vyenye kalisi kama maziwa, mala, omena na sukuma wiki. WHO hushauri tembe za kalisi kwa waja wazito ambao chakula chao kina upungufu wa madini hayo. Utafiti mkubwa uliofanywa India na Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba miligramu 500 kwa siku hukinga prieklampsia kwa kiwango kisichopungua kile cha miligramu 1,500. Hiyo ni habari njema kwa mfuko, na kwa mama anayechoka kumeza tembe nyingi.

Tano, jua dalili za hatari. Kichwa kinachouma sana na kisichotulia kwa dawa, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu makali juu ya tumbo chini ya mbavu za kulia, uso na mikono kuvimba ghafla, au kupumua kwa shida. Ukiona moja tu kati ya hizi, usingoje siku ya kliniki. Nenda hospitali saa hiyo, hata kama ni usiku.

Bwana wa nyumba, hapa nawe unahusika. Tenga nauli ya dharura, uwe na nambari ya simu ya mwenye gari, na ujue hospitali iliyo karibu yenye daktari usiku. Mkeo akianza kutukutika mwili, mlaze kwa ubavu, usimtie kitu kinywani, na mkimbize. Hospitali ina dawa iitwayo magneziamu salfeti. Uchunguzi uliohusisha zaidi ya wanawake 10,000 katika nchi 33 na kuchapishwa mwaka 2002 ulithibitisha kwamba dawa hiyo hupunguza uwezekano wa kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Si dawa mpya wala si ya matajiri, lakini haiwezi kumfikia mtu aliyelala nyumbani.

Mwisho, usidhani hatari imekwisha mtoto akizaliwa. Presha hii huweza kuzuka hata baada ya kujifungua, hasa katika wiki sita za kwanza. Rudi upimwe. Na mwanamke aliyewahi kuugua apimwe presha kila mwaka maishani mwake, kwa kuwa uwezekano wake wa kupata maradhi ya moyo baadaye ni karibu mara mbili ya wengine.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wanasayansi wanaendelea kutafuta njia za kuuona ufa huo ungali mwembamba kama uzi, na iko siku huenda kipimo cha damu kikafika hata katika zahanati iliyo karibu nawe. Lakini Allyson Felix aliokolewa kwa sababu siku ya uchunguzi wa kawaida ilipofika, alikwenda, na waliompima wakachukua hatua.

Basi siku yako ya kliniki ikifika, nenda. Na kabla hujainuka kwenye kiti cha muuguzi, muulize: "Presha yangu leo ni ngapi?"